Hema Si Nyumba

Naanza kwa kumwondolea mume wangu lawama: wazo la kwenda kupiga kambi lilikuwa langu. Yeye hapendi hata kula nje. Ana duka la mabomba na matangi ya maji pale Ruiru, na wikendi yake nzuri ni ile ambayo hakuna mtu anayemwita jina. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba simu itashika mtandao, jambo ambalo sikuwa na hakika nalo. Mama yangu naye alikubali kwa sababu sikumwambia nilichokuwa nakitafuta.

Nilichokuwa nakitafuta ni hiki: nilitaka mama ahamie kwetu, mtaa wa Kahawa Sukari.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameanguka zizini alfajiri, akienda kukamua. Tangu baba afariki anaishi peke yake, ndani kidogo ya Witeithie, kwenye ploti waliyoinunua wakiwa vijana. Ana ng'ombe mmoja, kuku kadhaa, na jirani wa kuzungumza naye ng'ambo ya ua. Alilala pale kwenye matope hadi mchukuzi wa maziwa alipokuja na mitungi yake akamsikia akiita. Mimi nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamume ikaniambia, "Mama yako ako chini," na kwa jinsi alivyolitamka neno lile, nilidhani amekufa. Hofu hiyo haijanitoka. Hata leo simu ikilia kabla ya jua kuchomoza, naipokea nikiwa nimeshasimama.

Hakuvunjika kitu, ila alibaki akichechemea, na akawa anashika ukuta akidhani sioni. Nikamwambia aje tukae naye. Akakataa. Sababu aliyoitoa ilikuwa ileile ya miaka yote: kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Yeye na muthoni, yaani mkwe wake, ambaye ni mume wangu, wanaheshimiana kiasi cha kuwachosha watu wengine. Hawapeani mikono ovyo, hawakai kochi moja, na mmoja akisikia mwenzake anakuja, anakohoa na kujipanga upya. Najua Wakikuyu wengi ambao wameyaacha mambo haya kabisa. Mama zao wanalala kwa wakwe, wanatazama televisheni pamoja na kugombania rimoti. Mama yangu si mmoja wao. Binti yetu alipozaliwa, alikuja kila asubuhi kumwogesha mtoto na kunipikia uji, na kila jioni akarudi kwake, mvua inyeshe au isinyeshe.

Ndipo likanijia wazo la hema. Nyumba ina paa na msingi, nikajiambia, na ina mwenyewe. Hema ni turubai na vijiti. Mama akilala hemani usiku mmoja, karibu na mkwewe, na asubuhi aamke mzima bila mbingu kuanguka, nitakuwa na mahali pa kuanzia. Nilijiona mjanja sana. Nilimweleza mume wangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeyaona mawingu. Ilikuwa likizo ya Aprili. Nikamwambia mawingu yamekuwa hapo juu wiki nzima na hayajafanya lolote.

Tulimpitia mama Jumamosi asubuhi. Alikuwa amesimama kando ya barabara na mizigo ambayo mtu mwingine angehamia nayo: jiko la makaa, mfuko wa makaa, nduma zilizochemshwa, chupa kubwa ya chai, kigoda chake cha jikoni, blanketi mbili. Nilipoiona mizigo ile nilifurahi, nikaona ni dalili njema. Akaingia nyuma ya kiti changu, upande ambao mkwewe hangemwona vizuri kwenye kioo. Safari nzima hawakusemezana ana kwa ana. Mama alikuwa akimtuma mjukuu.

"Mwambie baba yako apunguze mwendo."

"Dad, shosho anasema upunguze."

"Nimesikia."

"Amesikia, shosho."

Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya haya yote nikijikaza nisiseme kitu. Nilijiambia kesho wakati kama huu mambo yatakuwa mengine.

Mahali penyewe ni kipande cha nyasi kinachoshuka polepole hadi ukingo wa mto Chania, nje kidogo ya Thika. Gari tuliliacha juu karibu na geti kwa sababu njia ya kushuka ilikuwa na utelezi. Mto ulikuwa umejaa, rangi yake ya udongo, na ulikuwa na kelele. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa mahema: sehemu ya juu, tambarare, penye kinga ya miti. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza, nimejitayarisha. Tukasimamisha hema letu kubwa, kisha la mama na binti yangu, dogo, hatua chache kutoka kwa letu. Mama alisubiri hadi kigingi cha mwisho kilipoingia ardhini.

"Hapa ni karibu sana," akasema.

"Karibu na nini?"

"Na muthoni. Nikikoroma atasikia."

"Mama, wewe hukoromi."

"Nakoroma. Baba yako alikuwa anahamia kwa kochi."

Nilimwambia mto una kelele, hakuna atakayesikia mtu. Akaniambia mto hauwezi kuwa na kelele usiku kucha. Sijui alifikiri huwa unazimwa saa ngapi. Akashuka mwenyewe, akichechemea, hadi kwenye kibonde kidogo kule chini, akasimama katikati yake na kutangaza kwamba hapo ni pazuri. Nyasi za hapo zilikuwa laini, na za kijani kuliko za kwingine kote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mume wangu alikuwa ameshaanza kung'oa vigingi. Nilimkonyeza asitishe, lakini linapokuja suala la mama mkwe yule mtu haoni wala hasikii.

Na hakuishia hapo. Baada ya kulihamisha hema la mama, alilitazama letu, akainamisha kichwa akifikiri, kisha akaanza kulizungusha.

"Unafanya nini sasa?"

"Mlango unaangalia kwake. Nikitoka asubuhi na kaptula ataniona."

"Si utavaa suruali!"

"Na nikisahau?"

Kwa hiyo mlango wa hema letu ukageuzwa ukautazama mto, ambako upepo ulikuwa unatokea. Nilikaa kwenye kigoda cha mama nikawatazama watu wazima wawili wakiharibu kazi yangu ya asubuhi nzima kwa adabu. Kila mmoja alikuwa ameridhika. Mama alikuwa anampigia jirani simu kuuliza kama ng'ombe amekula, na kumwonya asimpe majani yenye umande.

Nyama ilikuwa jikoni, imeiva upande mmoja, mvua ilipokuja. Haikuanza na manyunyu ya kumpa mtu nafasi. Ilitokea ng'ambo ya mto ikavuka na kutufikia, na upepo ukaisukuma moja kwa moja ndani ya mlango wetu ulioelekezwa huko kwa heshima zote. Tulipoufunga zipu, nusu ya godoro ilikuwa imeloa na mkoba wangu wa nguo ulikuwa unadondoka maji. Mume wangu aliokoa nyama. Nilimwambia aiache nyama.

Kisha nikasikia binti yangu akipiga ukemi kule chini. Maji yote ya mteremko yalikuwa yamekumbuka njia yao, na njia yao ilikuwa kile kibonde. Nilipofika, yalikuwa yanapita chini ya sakafu ya hema na kuliinua, ukikanyaga linabonyea. Mama alikuwa ameshatoka, amekumbatia chupa ya chai na blanketi. Nikamshika mkono nikampandisha. Nilifikiri angalau sasa mvua imenifanyia kazi, kwa sababu mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu: hema letu, ambalo nusu ya nyuma ilikuwa bado kavu.

Alifika mlangoni akasimama.

"Ingia, mama."

"Muthoni yuko ndani."

Mume wangu akatoka mara moja, kichwa wazi, akaenda kusimama chini ya mti. "Ingia, mama, mimi niko sawa," akasema, akiutazama mto.

"Siwezi kuingia yeye ananyeshewa," mama akaniambia mimi. Naye akaenda kusimama chini ya mti mwingine.

Tulikuwa na mwavuli mmoja. Mume wangu akampa binti yetu ampelekee shosho. Shosho akaurudisha kwa mkono uleule, akisema kwamba mwenye kazi Jumatatu ni baba. Baba akaurudisha. Mwavuli ukaenda na kurudi kati ya miti miwili, na aliyekuwa analoa kuliko wote ni mtoto aliyekuwa anaubeba, maana alikuwa anaubeba ukiwa umefungwa. Hema lilikuwa pale katikati, tupu, kavu nusu.

Hapo nikapiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, lakini nakumbuka haya.

"Ni turubai! Haina msingi! Haina hata dirisha! Kuna mtu amewahi kuolewa kwa turubai?"

"Blanketi ya muthoni iko hapo ndani," mama akasema.

"Nitaitoa!"

"Na mahali amelala?"

"Hajalala! Ni saa tisa mchana! Hakuna mtu amelala mahali popote!"

Mama akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinipandisha hasira zaidi. Miguu yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hasa ule wa kuchechemea, na maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi shingoni. Nikawaza kichomi, nikawaza hospitali, nikawaza simu ya alfajiri. Nikamshika mkono tena, safari hii bila upole, nikampandisha hadi kwenye gari. Mume wangu alibaki nyuma kufungasha mahema. Hakuna aliyemwambia tunaenda nyumbani. Alielewa mwenyewe.

Ndani ya gari tulikuwa watatu, vioo vimejaa mvuke. Nikawasha hita. Mama akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa akampa mjukuu kwanza. Binti yangu alikuwa anatetemeka na amekasirika, na alikuwa na haki.

"Mum, hii idea ilikuwa mbaya, walai," akasema. "Si tungemleta tu shosho home. Room yake iko ready, rangi imeshakauka, hata kitanda kimeletwa."

Nilimgeukia, lakini alikuwa ameshamaliza.

"Room gani?" mama akauliza.

Nikalazimika kueleza. Nyuma ya nyumba yetu kuna chumba cha nje ambacho tulikuwa tukimpangisha mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa nimemwomba ahame muhula ulipoisha. Nilikuwa nimepaka rangi, nimeweka vyuma vya kushikilia bafuni, nimenunua kitanda kifupi ambacho hatapata shida kukipanda. Nilieleza haraka haraka. Mlango unatokea nyuma, nikasema. Utakuwa na ufunguo wako. Hamtaonana na muthoni ukitaka, unaweza kukaa mwaka mzima bila kumwona.

"Na boma ni la nani?"

"Ni letu."

"Ni la muthoni."

"Lakini muthoni mwenyewe amekubali! Ndiye alifunga hivyo vyuma kwa mikono yake! Shida yako na yeye ni nini?"

"Sina shida na yeye. Yeye ni mtu mzuri."

Akapangusa kioo kwa kiganja, akatazama nje. Mume wangu alikuwa mbali kule chini, ameinama, anapambana na turubai lililojaa upepo. Mama alipohakikisha kwamba hawezi kusikia, akanigeukia. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kike na nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita maitu, mama yangu, kama ilivyo desturi.

"Maitu, skiza. Hii mambo ya muthoni, hata mimi najua watu wameacha. Dada yangu analala kwa mkwe wake kule Mwihoko kila mwezi na hajaharibika."

"Basi kwa nini..."

"Ngoja nimalize. Mimi siachi kwa sababu inanisaidia. Nikikwambia ni muthoni, unakasirikia Wakikuyu wote, unaenda. Nikikwambia sitaki kuja kwako, utalia."

Binti yangu aliinamia simu yake isiyo na mtandao. Mvua ilikuwa inagonga paa la gari.

"Hutaki kuja kwangu?"

"Sitaki."

"Nimekukosea nini?"

"Unaona? Hujanikosea kitu. Huko kwako nitakuwa nangojea. Nangojea huyu atoke shule, nangojea wewe utoke kazi, nangojea kuitwa chakula. Kwangu hakuna mtu nangojea. Ng'ombe ndiyo inaningojea mimi."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka."

"Nani atakuinua?"

"Huyo wa maziwa atapita. Ama asipite." Alisema hivyo bila kuinua sauti, akifunga kifuniko cha chupa. "Hata kwako mtu anaweza anguka, maitu. Vyuma si dawa."

Nililia, kama alivyosema, na jambo hilo liliniudhi kuliko yote. Miezi yote hiyo nilikuwa nimepigana na mila. Mila nilijua jinsi ya kupigana nayo: unaichunguza, unatafuta ufa wake, unapitisha hema hapo. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu aliyeniambia hataki, nitampitishia nini? Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, na kwa muda ule sikuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Nilitaka kumwambia kwamba anajifikiria yeye tu. Nilitaka kumwambia jinsi sauti ya yule mwanamume ilivyosema "ako chini." Kabla sijaanza, mlango wa nyuma ulifunguka, na maturubai yaliyoloa yakaanza kuingizwa.

Mume wangu akaingia kwenye usukani akiwa ameloa hadi soksi.

"Muulize shosho kama amepata joto," akamwambia binti yetu.

"Mwambie baba yako nimepata," mama akajibu. "Na mwambie pole kwa kunyeshewa, na asante."

Alikuwa amerudi mahali pake nyuma ya kiti changu, amejisitiri, sauti imerudi ile ya adabu. Ungedhani hakuna lililosemwa. Mume wangu alinitazama usoni, akaona macho yangu, akawasha gari bila kuuliza.

Kutoka Thika hadi Witeithie si mbali, lakini siku ile nilihisi ni mbali. Gari lilinuka moshi na nyama iliyoiva nusu na godoro lililoloa. Mama alimpigia jirani simu mara mbili. Nilimsikiliza akicheka na jirani kuhusu ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na mkono mgeni, na nikaona kwamba siku nzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Kutoka barabarani kuingia kwake, udongo ni ule mweusi wa kunata, na mvua ilikuwa imeugeuza uji. Tuliingia kadiri tulivyoweza, kisha magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Geti lake lilikuwa linaonekana mbele, na njia nyembamba ya miguu kando ya ua wa waya.

"Nakupeleka," nikasema, nikafungua mlango.

"Kaa. Mizigo mtaleta kesho." Alikuwa ameshashuka upande wake. Akamshika mjukuu shavu kupitia dirishani, akaniangalia mimi. "Kaa, maitu. Naomba."

Hajawahi kuniomba kitu kwa namna hiyo. Mume wangu akaniwekea mkono begani. "Muache aende," akasema.

Akaenda. Alikuwa akiweka mguu, anaupima, anauvuta kutoka kwenye tope, anauweka mwingine. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Karibu na geti ule mguu mbaya ukateleza, akashuka kwa goti moja, na mkono wake ukadaka waya wa ua.

"Mum!" binti yangu akasema. "Si uende?"

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje ya gari, umezama kwenye tope. Mama hakugeuka. Alijua tulikuwa pale. Gari lilikuwa linanguruma. Alibaki vile amepiga goti, ameshika waya, mgongo wake kwetu, akikusanya nguvu.

"Hapana," nikamwambia binti yangu.

Akaanza kuinuka. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na nilivumilia. Kisha akapangusa mkono kwenye sketi, akafungua geti lake, akaingia, na akalifunga kwa ndani.